Wanaojiita watu wa umeme wanajuaje jina la mwenye nyumba na namba ya mita?

#1 Mwana wa Kimanga
Wakuu, salaam.

Juzi mchana walikuja vijana wawili nyumbani, Tabata Kimanga. Vizibao vya reflekta, kofia ngumu, vitambulisho vinaning'inia shingoni. Ngazi hawana, gari hawana, wamekuja na pikipiki isiyo na nembo yoyote. Nyumbani alikuwepo mama yangu mzazi na binti wa kazi tu.

Wakapiga hodi: "Shikamoo mama, hapa ndiyo kwa mzee fulani?" Wakamtaja marehemu baba kwa majina yote mawili, kama yalivyo kwenye luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Wakataja na namba ya mita, wakasema inasoma vibaya, wametumwa kuikagua. Mama akawaambia mita hiyo hapo ukutani, kagueni. Wakadai lazima waingie vyumbani waone soketi na friji.

Mama yangu hana papara. Akawaambia mwenye nyumba amelala, wakae kibarazani kidogo aamke. Akaingia ndani, akafunga grili kwa kufuli, akanipigia simu. Kabla hatujamaliza kuongea pikipiki ilishawaka.

Hawakuchukua kitu. Kwamba matapeli wapo nalijua, hilo siulizi. Nauliza hivi: jina la baba na namba ya mita WALIVIPATA WAPI? Mzee ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa.

Nawasilisha.

#2 Kapuku Mstaarabu
Vishoka hao mkuu. Nimewahi siti ya mbele, wajuzi waje.

#3 Fundi wa Mabibo
Mimi ni fundi wa waya, hizi nyumba naingia kila siku. Namba ya mita imeandikwa kwenye uso wa mita, tena kwa tarakimu kubwa. Mita iko ukuta wa mbele, geti liko wazi asubuhi watoto wakienda shule. Mtu anapita, anapiga picha kwa simu, anaondoka. Kesho anarudi na kizibao.

Jina nalo ni risiti za luku. Ukinunua kwa wakala mwenye mashine, karatasi inatoka na jina, namba ya mita na kiasi. Mnazikunjakunja mnatupa. Anayeokota hapo kapata kila kitu.

#4 binti_goba
Risiti gani tena mkuu, mwaka huu nani bado anapanga foleni kwa wakala? Watu wananunua kwa simu wakiwa kitandani.

#5 Fundi wa Mabibo
Binti, toka huko Goba uje uswahilini. Wazee wengi bado wanamtuma mtoto kwa wakala na elfu mbili mkononi.

#6 Mwana wa Kimanga
Mama huwa anamtuma binti kwa wakala kweli. Ila karatasi anazitunza kwenye kopo, hatupi.

#7 Mzee wa Ukonga
Vijana msichanganye mambo. Kishoka na tapeli ni watu wawili tofauti.

Kishoka anafanya kazi kweli, ila kwa njia ya panya. Anakuvutia waya kutoka kwa jirani, anakuahidi kukuwahishia nguzo, anakuchezea mita isome kidogo. Kazi anaijua, wengine walikuwa vibarua wa wakandarasi. Ukimpa hela utapata umeme, na siku ya ukaguzi utapata kesi. Huyu wa kimanga si kishoka. Huyu hajui hata kushika tesa, anachotaka ni kuingia ndani aone televisheni iko wapi na nyuma pana mlango gani.

Zamani kabla ya luku msoma mita alikuwa anakuja kila mwezi na daftari, tukamzoea kwa sura, anapewa maji ya kunywa. Luku ilipoanza miaka ya tisini kazi hiyo ikafa majumbani. Kwa hiyo mtu akija kwenye nyumba ya luku anasema "nimekuja kusoma mita ya umeme", swali la kwanza: uisome ya nini wakati nimeshalipa kabla?

#8 Mtaalamu Kimya
Mzee shikamoo. Naomba kuongezea hapo mwisho ili watu wasije wakamfukuza mtu halali. Kusoma kwa ajili ya ankara kumekwisha kwa wenye luku, lakini ukaguzi upo. Wanaangalia sili ya mita haijakatwa na waya haujarukishwa kukwepa mita. Ila kazi hiyo yote inaanzia kwenye mita. Mita nyingi za siku hizi zinafungwa juu ya nguzo, ndani mnabaki na kile kidude cha kubonyezea namba. Anayetaka kuona chumbani aeleze anatafuta nini huko.

#9 Mzee wa Ukonga
Marahaba. Nimekubali, ukaguzi upo.

#10 mama_wawili
Mimi la kwangu ni la Kimara, mwaka 2024, kipindi kile cha kuboresha mita. Mnakumbuka ukinunua umeme zinakuja namba mafungu matatu badala ya moja? Basi akaja kaka mmoja mstaarabu, ana kalamu mfukoni, anapita nyumba kwa nyumba anasema anasaidia wateja kuingiza namba maana wengi wanakosea.

Kwa jirani yangu akaomba simu "aone ujumbe wa tokeni". Mama wa watu kampa, tena simu imefunguliwa. Kijana akawa anabonyeza luku kwa mkono huu na simu kwa mkono huu, anaongea tu: mama zima feni kwanza, mama washa taa ya ukumbini, mama njoo uangalie hapa inaandika nini. Kumfanya atembee. Mita ikakubali kabisa, kijana akaaga vizuri. Jioni jirani anataka kutuma hela ya kikoba, salio hakuna. Namba ya siri alikuwa kaiandika nyuma ya kava la simu.

Huyu alitufanyia kazi kweli na akaiba kweli. Sasa Mzee wa Ukonga tumwite kishoka au tapeli?

#11 Chawa Mstaafu
Mwite mfanyakazi hodari 😂😂

#12 Mtaalamu Kimya
mama_wawili, pole kwa jirani. Niweke kumbukumbu sawa maana kuna watu mpaka leo wanaibiwa kwa jina la zoezi lile.

Mita za malipo ya kabla za mfumo wa STS, luku zikiwemo, zinahesabu muda kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Si Tanzania tu, ni nchi zote zinazotumia mfumo huo. Mita ambayo haikuboreshwa ingekataa tokeni mpya. Kwa hiyo mteja alipewa mafungu mawili ya tarakimu 20 ayaingize kwanza, halafu la tatu ndiyo umeme wenyewe. Bure, na unaingiza mwenyewe. Tarehe ile imepita. Leo mtu akija na hadithi ya "mita yako haijaboreshwa" huku unanunua umeme na unaingia vizuri, anakudanganya.

Na jambo jingine: tokeni ni ya mita moja tu, ya mwenzako haikubali kwako. Hakuna sababu ya mtu kushika simu yako ili "kuhakiki tokeni". Msomee namba kwa mdomo.

#13 Chawa Mstaafu
Mtaalamu, mwaka ule ulikuwa wapi? Mimi nilikaa giza siku nzima nabonyeza, kumbe naanza na fungu la tatu.

#14 Mtoto wa Mbagala
Huku kwetu wanakuja kwa gia ya maji. "Sisi watu wa Dawasco, una deni, tumekuja kukata." Ana koleo na spana kabisa. Ukilalamika anakuwa mpole: nipe elfu ishirini hapa nifute jina kwenye orodha ya leo. Wanakuja saa nne asubuhi, wanaume wako kazini.

#15 Kapuku Mstaarabu
Dawasco ilishakufa mkuu. Iliunganishwa na DAWASA mwaka 2018. Hapo tu ungemkamata 😂

#16 Mtoto wa Mbagala
Wewe nenda Mbagala uulize watu kumi, tisa watakwambia Dawasco. Hata fundi wa kweli akiulizwa njiani anajibu Dawasco. Huwezi kumkamata tapeli kwa hilo.

#17 Salome wa Sinza
Jibu la deni ni moja tu, iwe maji iwe umeme. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba ya malipo. Mwambie: kaka, nipe kumbukumbu namba nilipe sasa hivi kwa simu. Kabla hujabonyeza ya mwisho angalia jina la anayelipwa. Ukiona jina la mtu, acha. Akisema mtandao uko chini nipe taslimu, mwambie nitasubiri mtandao urudi.

Na mwingine alikuja jengoni kwetu anadai kodi ya jengo. Watu karibu wamlipe! Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku tangu 2021, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi ikapanda 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na ghorofa wanakata zaidi. Unaponunua umeme umeshalipa.

#18 Chawa Mstaafu
Wengine ni wapangaji tunamlipia mwenye nyumba kodi hiyo, halafu yeye anapandisha kodi yake. Tapeli mkubwa ni nani hapo?

#19 Babu Kijiweni
Haya yote yanatokea kwa sababu mjini hatujuani. Mgeni wa serikali apite kwanza kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi amlete. Asiyeletwa na balozi hafunguliwi, tumemaliza.

#20 Kapuku Mstaarabu
Balozi ni wa chama, babu, si serikali. Serikali ni mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji. Hatuwezi kumfanya kiongozi wa chama awe ndiye mhakiki wa kila mtu.

#21 Babu Kijiweni
Ndiyo maana mnaibiwa. Balozi anamjua kila mtu, mtendaji wako hata nyumbani kwako hapajui.

#22 Kapuku Mstaarabu
Na balozi akiwa ndiye shemeji yake tapeli?

#23 Msimamizi
Rudini kwenye mada. Siasa zina jukwaa lake.

#24 Salome wa Sinza
Wakati wa sensa ya Agosti 2022 karani alikuja na mtu wa mtaa tunayemjua, hakuna aliyebabaika kufungua. Sasa kwa umeme na maji haiwezekani, wale mafundi wanatoka mtaa huu wanaingia ule, dharura saa nane usiku utamwamsha mtendaji?

#25 Jamaa wa Gongo la Mboto
Mimi narudi kwenye swali la mleta uzi. Jina linatoka ndani. Mtu yeyote anayegusa taarifa za wateja anaweza kuziuza: aliye ofisini, wa kampuni ya ukandarasi, wakala, hata aliyetengeneza kompyuta ya wakala. Haya mambo ya kuokota karatasi jalalani ni filamu.

#26 Fundi wa Mabibo
Una ushahidi au unatupa jiwe gizani? Mtu mwenye orodha ya wateja wa Dar nzima aende kwa mama mmoja Kimanga na pikipiki? Angekaa nyumbani akapiga simu. Huyu wa mlangoni ni mtu wa karibu, anakusanya habari za mtaa mmoja.

#27 Jamaa wa Gongo la Mboto
Ushahidi ndio huo, walijua majina MAWILI ya marehemu. Jalala gani hilo.

#28 Nyangumi
Kwa uzoefu wangu tafuteni dada wa kazi. Tisini kwa mia ya haya mambo dada anahusika. Anaongea na bodaboda, anaongea na muuza mchicha, anasimulia nyumba nzima.

#29 Zuhura_M
Nyangumi, hizo tisini kwa mia umezihesabu wapi?

Nimefanya kazi za ndani kabla sijapata mtaji wangu, niseme kinachotokea. Bosi anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Anakuachia mtoto, nguo na sufuria. Hajakwambia fundi akija ufanye nini. Anakuja mtu na kofia, anaongea kwa ukali: "Wewe nani? Mwenye nyumba yuko wapi? Fungua, au tunakata umeme na utamwambia bosi wako ni wewe uliyekataa." Ukikataa na umeme ukakatwa kweli, samaki wa kwenye friji wakaharibika, mshahara wako ndio unalipia. Ukifungua ukaibiwa, unalala polisi. Sasa wewe Nyangumi ungefanya nini?

Bosi wangu wa mwisho, Mungu ambariki, aliniambia siku ya kwanza: "Mdogo wangu, mtu yeyote asiyekuja na mimi au baba, usifungue. Hata wakikata. Giza halina hasara kwangu, wewe na mtoto ndio hasara." Akaibandika na namba yake ukutani. Kuanzia hapo nilikuwa nawajibu dirishani bila kutetemeka, maana nina ruhusa. Msiwalaumu madada, wapeni ruhusa ya kukataa.

#30 mama_wawili
Zuhura umeongea. Wa kwangu nimempigia sasa hivi nimemwambia hivyohivyo.

#31 Nyangumi
Sijasema wote jamani.

#32 Zuhura_M
Umesema tisini. Zimebaki kumi 😂

#33 Mwana wa Kimanga
Mrejesho kidogo. Nimemuuliza mama vizuri leo. Anasema jina la kwanza walilitaja wao, ila la pili hakumbuki kama walilitaja wao au ni yeye aliyesema "eeh, ndiyo kwa mzee fulani bin fulani". Binti anasisitiza walitaja yote. Namba ya mita wote wanakubali ilitajwa, na kijana alikuwa anaisoma kwenye simu.

#34 Fundi wa Mabibo
Picha ya mita hiyo! Nilisema.

#35 Jamaa wa Gongo la Mboto
Au orodha. Orodha nayo inasomwa kwenye simu.

#36 Salome wa Sinza
Na jina la kwanza angeweza kuuliza duka la jirani: "Ile nyumba ya geti la bluu kwa nani?" Mangi atakutajia mpaka ukoo. Watoto wa Dar ndio kabisa, ukiwauliza wanakusindikiza.

#37 Mtaalamu Kimya
Wakati mnabishana, jambo la kufanya mlangoni. Kitambulisho usikiangalie shingoni, mwambie akipitishe kwenye grili ukisome. Mwambie asubiri, piga 180, namba ya bure ya TANESCO, shirika la umeme, uliza kama kuna kazi mtaani kwako. Muhimu: piga namba unayoijua wewe. Kuna ndugu yangu aliambiwa "mama piga ofisini uhakikishe, namba hii hapa", akapiga, akapokea mtu mwenye sauti ya ofisi kabisa, nyuma kelele za simu zinaita. Kumbe ni mwenzao kakaa mtaa wa pili.

#38 Chawa Mstaafu
Na ukipiga namba halali ukawekewa muziki dakika ishirini?

#39 Mtaalamu Kimya
Naye asubiri dakika ishirini. Mfanyakazi ana zamu, atakaa chini ya mwembe. Mwenye haraka ni yule mwingine.

#40 Mzee wa Ukonga
Nina neno la tahadhari upande wa pili. Mtaani kwetu walikuja vijana wa mkandarasi kupunguza matawi chini ya laini. Wakaingia uani mwa watu kufuata mti bila kubisha hodi, hapo walikosea. Mama mmoja akapiga yowe la mwizi. Mnajua Dar yowe hilo linaita nini. Kabla hujatoka vijiweni watu wameshashika mawe. Bahati dereva wa gari lao alikuwa barabarani akapiga honi na nembo ikaonekana, la sivyo tungezika kijana wa watu kwa sababu ya mwembe.

Kwa hiyo ukimshuku mtu, funga mlango, piga simu kwa jirani, piga 112 polisi, mpige picha yeye na namba ya pikipiki. Lakini hilo neno usilipige yowe.

#41 Babu Kijiweni
Hapo mzee mwenzangu nakuunga mkono. Nimewahi kushuhudia, sitaki kusimulia.

#42 Mtoto wa Mbagala
Kuna kitu hamkisemi. Wengi wanaotoa hela ya kunyamazisha ni kwa sababu wana jambo. Waya umerukishwa au bomba la maji limeungwa usiku. Tapeli anajua nusu ya mtaa wamechezea mita, anabahatisha tu: "Mama, hii mita yako tumeiona." Mwenye hatia anajikamata mwenyewe, na polisi haendi kushitaki.

#43 Chawa Mstaafu
Mbagala, umeongea kwa uchungu sana. Wa kwako mita inasoma? 😂

#44 Mtoto wa Mbagala
Yangu inasoma kuliko hata gazeti.

#45 binti_goba
Kwa mleta uzi: kwa nini luku bado ina jina la marehemu? Nenda ofisi ya shirika ya eneo lenu muulize utaratibu wa kuhamisha jina, nyaraka za mirathi zitahitajika. Jina likibadilika, anayekuja anaulizia kwa jina la mzee utajua kabisa taarifa zake ni za zamani.

#46 Mwana wa Kimanga
Hilo tulikuwa tumelikalia, ndugu wengine hawataki jina libadilike. Ni uzi mwingine huo.

#47 Jamaa wa Gongo la Mboto
Aaah! Ndugu wengine? Wanajua majina yote ya marehemu na nyumba ilivyo ndani?

#48 Mwana wa Kimanga
Mkuu, usianze.

#49 Fundi wa Mabibo
Picha ya mita. Nimemaliza. Jenga kijisanduku cha bati chenye kufuli, fundi halali utamfungulia.

#50 Nyangumi
Samahani nje ya mada. Mimi nipo T1, ile bei ya kawaida, nanunua umeme wa elfu kumi napata uniti ishirini na nane, jirani yupo ile ya uniti moja shilingi mia. Kuna kaka kasema anaweza kunishusha kwa elfu hamsini, nimpe?

#51 Mzee wa Ukonga
Huyo sasa ndiye kishoka.

#52 Mtaalamu Kimya
Nyangumi usimpe. Ile ya D1 ni kwa matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi, ukizidi hapo zinazozidi zinakuwa ghali kuliko hata zako. Kama matumizi yako ni madogo unaomba ofisini mwenyewe. Una friji na pasi?

#53 Nyangumi
Friji mbili. Nauza barafu.

#54 Zuhura_M
😂😂😂